Risasi mbili zaidi, milioni nne na laki sita zaidi

BARUA

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 44, naishi Makorora hapa Tanga. Nina mke na watoto wawili wa kiume, mmoja ana miaka 13 na mwingine 9. Kazi yangu ni kununua machungwa Muheza na nazi Pangani, napakia fuso, napeleka Dar. Msimu ukichanganya, kila Jumatano na Jumamosi natoka nyumbani na fedha taslimu kati ya milioni sita na kumi, kwa sababu wakulima wengi wa huko ndani wanataka kushika noti mkononi kabla chungwa la kwanza halijashuka mtini.

Mwaka jana mwenzetu mmoja alivamiwa kwenye njia ya vumbi, saa moja jioni. Fedha zilikwenda na mkono ulivunjwa. Tangu hapo usiku wa kuamkia siku ya kununua silali vizuri. Nikaomba kibali cha kumiliki silaha. Barua ilipita serikali ya mtaa, ikapita kata, ikafika polisi wilaya, nikahojiwa, nikasubiri miezi. Sasa nimeambiwa nimekubaliwa, bado kupeleka taarifa za silaha yenyewe.

Hapo ndipo nilipokwama. Kuna duka Dar lina rivolva tatu, yaani bastola za silinda inayozunguka, zote Smith & Wesson, na zote nimezishika. Ya kwanza ni Modeli 10, imetumika, ya risasi aina ya .38 Special, risasi sita, mtutu inchi 4, weusi wake umechubuka karibu na mdomo. Bei milioni 2.8. Ya pili ni 686 Plus, mpya, ya .357 Magnum, risasi saba, mtutu inchi 4, milioni 5.3. Ya tatu ni 627 ya Performance Center, .357 Magnum, risasi nane, mtutu inchi 5, milioni 7.4, na ndani ya boksi kuna klipu tatu za duara za kupakilia risasi zote kwa mpigo mmoja.

Mjomba, hii ya tatu imeniteka. Ukiifungua silinda ukaizungusha, inakwenda kimya kama tairi la baiskeli mpya. Najiambia hivi: risasi nane ni nane, sita ni sita. Rivolva haikwami kama bastola za magazini, zile zenye kasha la risasi ndani ya mpini. Ni stenlesi, kwa hiyo hewa yetu ya bahari haitaila. Na ni kitu cha kudumu, nitairithisha.

Lakini hiyo milioni 7.4 ndiyo fedha tuliyoweka ya kupaua nyumba yetu ya Pongwe. Kuta zimesimama tangu mwaka juzi zinanyeshewa. Muuzaji pia ameniambia risasi moja ya .357 ni shilingi 6,000 na ya .38 ni 4,500, jambo ambalo sikuwa nimelipigia hesabu.

Mke wangu hajapiga kelele. Ameuliza swali moja tu: "Siku ukiwa Dar, hiyo itakuwa inalala na nani?" Sikuwa na jibu, nikachukua kofia nikaenda msikitini.

Muuzaji ananingoja hadi mwisho wa mwezi. Je, hii ya nane ina thamani ya bei yake?

Mnunuzi wa Machungwa, Tanga

JIBU

Marahaba, mpwa wangu. Pole kwa usiku usio na usingizi. Hofu yako ina sababu, na umeshughulika nayo kwa njia ya halali, ambayo ni ndefu na inachosha. Sasa umesimama mbele ya kitu kizuri chenye bei ya paa la nyumba, na unataka kujua kama uzuri ule ni wa kweli. Ni wa kweli. Kilichobaki ni kuutazama kwa karibu, uone ni uzuri wa kazi ipi, na kama kazi hiyo ndiyo yako.

Tuanze na silinda, maana ndiyo iliyokuteka.

Silinda ya risasi sita huzunguka nyuzi 60 kila unapovuta triga (kifyatulio), ya saba nyuzi 51 na kidogo, ya nane nyuzi 45. Matundu manane ya .357 hayawezi kukaa kwenye silinda ndogo bila kuta kuwa nyembamba, kwa hiyo 627 imejengwa juu ya bodi kubwa, yaani mwili wa bastola, ambayo kiwanda huiita N, iliyobuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya risasi nene za .44. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 43 hivi. Ya 686 ni kama 40, ya Modeli 10 ni kama 37. Milimita sita ukizisoma ni kidogo. Kiunoni, chini ya shati, ndani ya fuso lenye joto, zinajulikana. Na 627 ya inchi 5 ina uzito wa karibu kilo moja na robo kabla hujaweka risasi. Chukua paketi ya sukari ya kilo moja na nyingine ya robo, zifunge pamoja, zitundike kwenye mkanda, fanya kazi yako ya kawaida kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni: kupanda juu ya mzigo, kuinama kuhesabu, kukaa nyuma ya usukani. Nakuomba ufanye hivyo kweli, siku moja ya kununua. Silaha inayokera kiunoni huishia kwenye mkoba, mkoba huishia nyuma ya kiti, na hapo idadi ya risasi haina tena la kusema.

Kuna jambo jingine ambalo dukani halionekani mpaka uonyeshwe. Igeuze silinda utazame ubavuni. Utaona vijishimo vilivyokatwa, kimoja kwa kila tundu. Humo ndimo komeo dogo linalotoka sakafuni mwa bodi huingia, likaishika silinda isiende wakati risasi inalipuka. Kwenye silinda yenye matundu ya idadi shufwa, yaani sita au nane, tundu moja likiwa juu kabisa mbele ya mtutu, jingine huwa chini kabisa, kwenye komeo. Kijishimo basi hukatwa karibu na mahali ambapo ukuta wa tundu ni mwembamba kuliko pote. Kwenye idadi witiri, tano au saba, chini huangukia kati ya matundu mawili, penye chuma kingi. Hii haina maana kwamba ya nane ni dhaifu, kwani ukubwa wa bodi N ndio uliofidia. Ila inaeleza kwa nini wajuzi wengi huipenda ya saba: imeongeza risasi moja bila kuongeza mwili sana, na chuma kimebaki pale kinapotakiwa. Ruger nao wana GP100 ya saba na Redhawk ya nane, kwa hiyo si fumbo la kiwanda kimoja.

Ulaini ule ulioupenda una chanzo chake. Performance Center ni karakana ya kiwanda hicho hicho inayoongeza kazi ya mkono: triga husawazishwa, midomo ya matundu hulainishwa ili risasi ziingie bila kukwaruza, vilengeo huwa bora. Unalipia saa za fundi. Lakini silinda kuzunguka vizuri ikiwa wazi haikuambii mengi kuhusu bastola. Kipimo ni triga, ukiivuta polepole mpaka mwisho bila kuinua kwanza nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi. Na naomba usiifunge kamwe kwa kuitupa na kifundo cha mkono kama wafanyavyo kwenye filamu. Mkono mwembamba wa chuma unaobeba silinda hupinda, na ukishapinda matundu hayakai tena sawa na mtutu. Milioni saba huharibika kwa mchezo wa sekunde moja.

Sasa hilo la kutokukwama. Ni kweli kwamba risasi mbovu ikigoma, unavuta triga tena na tundu jingine linakuja. Hiyo ni faida kubwa ya rivolva. Ila ikikwama hukwama kweli, na mara nyingi huikwamui kwa mikono mitupu barabarani. Kikwazo cha kawaida kabisa ni chembe za baruti. Chini ya ile nyota inayosukuma maganda ya risasi nje kuna nafasi ndogo. Ukitoa maganda bastola ikiwa imelala, chembe zisizoungua huingia humo, nyota hairudi mpaka chini, silinda hunyanyuka unywele mmoja tu na kuanza kusugua nyuma. Triga inakuwa jiwe. Dawa yake ni kuelekeza mdomo juu, kupiga kijiti cha kusukumia mara moja kwa nguvu ya kiganja, na kila baada ya mazoezi kupitisha mswaki mkavu chini ya nyota.

Kijiti chenyewe nacho hulegea. Kikilegea hurefuka, na silinda haifunguki. Kwenye Smith & Wesson za sasa uzi wake ni wa kinyume: hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha mshale wa saa, na wengi wamekilegeza zaidi wakidhani wanakikaza. Kisha kuna skrubu ndogo mbele ya mpini inayokandamiza springi ya nyundo. Ikilegea, nyundo hugonga fataki, kile kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi, kama anayebisha hodi kwa aibu, na risasi hailipuki. Wapo watu wanaoilegeza makusudi ili triga iwe laini. Usiwe mmoja wao.

Na hizo klipu zako tatu, mpwa wangu, ndizo ninazotaka uziangalie kuliko vyote, kwa sababu ndizo nguvu ya 627 na ndizo udhaifu wake. Klipu ni bati jembamba. Ikikaa sawa, risasi nane zinaingia kwa mpigo mmoja na maganda manane yanatoka kwa mpigo mmoja, na hakuna rivolva nyingine kati ya hizo tatu itakayokupa kasi hiyo. Ikipinda kidogo tu, mfano ukiikalia mfukoni, risasi moja inatokeza nyuma kuliko wenzake na silinda inagoma kuzunguka. Laza klipu tupu juu ya kioo cha meza: ikicheza, imepinda, itupe. Ibebwe ndani ya kasha gumu, si mfukoni pamoja na funguo. Klipu hutegemea pia mfereji ulio karibu na kitako cha ganda: aina moja ya ganda hukaa imara, nyingine hulegalega. Muulize muuzaji kama ana klipu za akiba na risasi zinazokaa vizuri humo. Uzuri ni kwamba 627 hufyatua hata bila klipu, ila hapo utapakia moja moja, na nane moja moja ni ndefu.

Kuhusu stenlesi nitasema kwa kifupi. Huchelewesha kutu, haijakingwa nayo. Hewa ya Tanga ina chumvi, na jasho nalo ni chumvi. Anayeihifadhi bastola ndani ya ala ya ngozi ataikuta na vidoadoa, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia juu ya chuma. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya silaha kila siku uliyoivaa, ilale nje ya ala, ndani ya sefu, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu ambavyo hubadilishwa vikishalowa. Usizipake mafuta risasi. Mafuta hupenya kwenye fataki na kuiua. Ile Modeli 10 nyeusi inahitaji huduma hiyo hiyo kwa bidii zaidi, basi.

Kaliba, yaani aina ya risasi, je? Risasi ya .357 Magnum ilitoka mwaka 1935, ikirefusha ganda la .38 Special kwa milimita 3 hivi ili isiingie kwenye bastola za .38 ambazo zisingeistahimili. Ndiyo maana 686 na 627 hula risasi zote mbili, na Modeli 10 hula .38 tu. Kichwa cha risasi cha gramu 10 kwenye .38 ya kawaida hutoka kwa mwendo wa mita kama 230 kwa sekunde. Kwenye .357 kichwa hicho hicho hufika kama 370. Tofauti hiyo utailipia kwa kiganja na kwa sikio. Mlio wa ghafla huanza kudhuru sikio ukifika desibeli 140, na zote mbili hupita hapo. Ila .357 ndani ya kichwa cha fuso, vioo vikiwa vimefungwa, itakuacha kiziwi kwa dakika ambazo unahitaji sana kusikia. Teke lake humfundisha mkono kukakamaa kabla ya mlio, na risasi huenda chini kushoto au chini kulia. Anayeanza akizoea hivyo, huchukua muda mrefu kuacha. Fikiria pia kilicho nyuma ya unachokilenga. Makorora nyumba zimebanana, na ukuta wa udongo na fito hauizuii hata ile ndogo.

Ukiamua kuchukua 686 au 627, unaweza kufanya mazoezi kwa .38 na kuokoa shilingi 1,500 kila risasi. Ila ganda fupi huacha pete ya masizi ndani ya tundu, na siku ukiingiza .357 ndefu itakwamia kwenye pete hiyo. Sugua kila tundu kwa brashi ya shaba kabla ya kubadili.

Hesabu ya fedha nakupa hivi. Kutoka Modeli 10 hadi 627 ni milioni 4.6. Kwa bei uliyotajiwa, hiyo ni maboksi 20 ya .38 yenye risasi 50 kila moja, yaani risasi 1,000, na inabaki laki moja. Sisemi ununue risasi elfu. Risasi hununuliwa kwa idadi ya kibali, na kibali chako ndicho kitakachosema. Nataka uone tu kwamba bei ya bastola ni mwanzo wa bei. Kuna sefu ya kufungia ukutani kwa bolti, ala nzuri, mkanda mpana, kinga za masikio, ada za kibali. Kama 7.4 ndiyo senti ya mwisho, utakuwa na bastola bora kabisa na boksi moja la risasi, na mkono ambao haujaijua.

Kuna mazoezi yasiyokula risasi. Toa risasi zote chumbani, ziwe chumba kingine kimefungwa. Fungua silinda, ingiza kidole katika kila tundu ukihesabu kwa sauti. Weka risasi bandia za mazoezi. Elekea ukuta imara ambao nyuma yake hakuna mtu. Mtu mwingine akuwekee sarafu ya shilingi mia juu ya mtutu, nyuma kidogo ya kilengeo cha mbele, kisha vuta triga polepole mpaka nyundo ianguke. Sarafu isidondoke. Mara ishirini kila jioni, kisha acha. Yule ambaye sarafu yake haidondoki na rivolva ya sita yuko mbele ya yule ambaye inadondoka na ya nane, na hili utaligundua mwenyewe ndani ya wiki mbili.

Kama utarudi dukani, nenda na fila geji, vile vibati vya kupimia mianya midogo, na kipande cha karatasi nyeupe. Bastola ikiwa tupu, hakikisha mwenyewe, hata kama muuzaji amekwisha hakikisha. Pima mwanya kati ya uso wa silinda na mtutu: uwe kati ya milimita 0.10 na 0.25, na usitofautiane sana silinda ikizungushwa. Isukume silinda mbele na nyuma; mchezo wa kuonekana kwa macho ni dalili ya uchakavu. Kisha inua nyundo polepole sana kwa dole gumba huku kidole cha mkono mwingine kikiigusa silinda kama breki nyepesi. Usikie komeo likiingia kabla nyundo haijashika. Rudia kwa kila tundu, yote sita au yote nane, kwa sababu jino moja lililolika nyuma ya silinda huonekana kwenye tundu moja tu. Nyundo ikiwa imesimama, isukume mbele kwa dole gumba bila kugusa triga, isianguke. Mwisho weka karatasi nyeupe nyuma ya mtutu, silinda ikiwa wazi, uchungulie kutoka mdomoni. Mistari ya ndani iwe mikali, isiwe na vishimo. Hii Modeli 10 iliyochubuka mdomoni hunifanya niulize: mchubuko wa ala peke yake ni alama ya kuvaliwa, si ya kufyatuliwa, na rivolva ya namna hiyo mara nyingi ndani ni nzima. Lakini fila geji ndiyo itakayosema.

Na kabla ya yote, uliza polisi waliokupa jibu kama kibali chako kinataja kaliba. Leseni huandikwa kwa silaha moja yenye namba yake. Usilipie .357 ukaja kuambiwa kilichoidhinishwa ni .38.

Naomba sasa nirudi kwenye njia ya vumbi, kwa upole. Mwenzenu alivamiwa saa moja jioni. Unajua kama alipata muda wa kufanya lolote? Waviziaji huchagua wakati ambao mikono yako iko kwenye usukani au kwenye kuhesabu. Kati ya kushtuka na kuishika silaha zipo sekunde kadhaa, na risasi ya saba na ya nane ziko mbali sana upande wa pili wa sekunde hizo. Huko Muheza wakulima wangapi kati ya wote wana simu na wakala wa karibu? Kama nusu yao wangekubali kupokea kwa simu siku ya mzigo, ungebeba milioni tatu badala ya sita. Kama siku zingebadilika, Jumatatu wiki hii, Alhamisi wiki ijayo, nani angejua? Kama ungekuwa umerudi lami kabla ya saa kumi? Sisemi haya yaondoe bastola. Yanaweza kupunguza kile unachoitaka ifanye, na hapo labda ukubwa wake nao unabadilika. Na kumbuka Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari. Kila risasi iliyotoka utaulizwa.

Ukichukua ya nane, hatari kubwa ninayoiona ni kwamba itakuwa nzito mno kuvaliwa na ghali mno kufanyiwa mazoezi, na Pongwe itanyeshewa masika nyingine. Faida yake ni kwamba ndiyo itakayopokea mkono wako vizuri kuliko zote siku utakapouzoea, kwani uzito hunywa teke na triga ile haina mfano kati ya hizo tatu. Ya saba inakuachia milioni 2.1 mkononi na kaliba zote mbili. Inakuomba tu ukubali kwamba ulaini ule wa dukani haukuja nayo. Ya sita inakuachia nyingi, na inakutaka uwe mkaguzi mkali na uridhike na .38 maisha yote. Na kungoja nako ni njia: muulize muuzaji kama anaweza kukushikia kwa amana ndogo mpaka uifanye ile siku ya paketi za sukari.

Nimeliacha swali la mke wako mpaka sasa kwa sababu ndilo zito, na hakuna fila geji ya kulipima. Siku ukiwa Dar na mzigo, bastola haipaswi kubaki chini ya godoro wala juu ya kabati. Leseni ni yako, si yake. Hata funguo za sefu zikiwa kwake ni jambo la kuuliza polisi kwanza. Waulize pia utaratibu wa kuihifadhi kituoni unaposafiri bila fedha. Mtoto wa miaka 13 anajua kila mahali mnapoficha vitu. Na nyundo ikishainuliwa, triga ya rivolva yoyote kati ya hizo tatu huhitaji nguvu ya kilo mbili tu, au pungufu. Wa miaka 9 anaiweza. Sefu iwe imefungwa ukutani, risasi ziwe na kufuli lao mahali pengine, na kebo ya kufuli ipite ndani ya mtutu silinda ikiwa wazi, ili hata anayeifikia asiweze kuifunga.

Rudi nyumbani usiku huu, umwombe akuulize tena swali lile lile, kisha mtafute pamoja ukuta ambao sefu hiyo ingekaa. Pima upana wake kwa futi kamba. Ukuta huo uupate kabla hujampigia simu muuzaji.

Mjomba wako